Belfast: wachambuzi waliiona tamu kupita kiasi, sisi tukalia. Nani hakuielewa?

#1 Mkunazi
Salaam wakuu. Jana usiku nimeirudia Belfast ya Kenneth Branagh, ile ya 2021, safari hii nikiwa na mama yangu. Kwa ambao hamjaiona: mtoto wa miaka 9 aitwaye Buddy, Agosti 1969, mtaa wa wafanyakazi mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwanzoni kabisa anacheza barabarani na upanga wa mbao, ngao yake ni mfuniko wa pipa la taka. Mara genge linaingia mtaani, vioo vinapasuka, na mama yake anaupokonya ule ule mfuniko na kujikinga nao mawe huku kambeba mwanawe. Hapo nilitaka kusema neno, mama akaninyamazisha kwa kiganja bila hata kunitazama. Alikuwa kavua miwani, kaishika mapajani.

Leo asubuhi nikasoma wachambuzi walivyoandika ilipotoka. Nimeudhika. Tamu mno, safi mno, siasa imewekwa kando, picha nyeusi na nyeupe za kujipamba. Dai langu: hawakuielewa. Ile ni filamu ya mtoto anayekua, na mtoto hakai na ramani ya siasa kichwani. Nipingeni kwa hoja. Onyo: tutamwaga uhondo wote humu, asiyeitazama akatazame kwanza.

#2 Kiti_cha_Nyuma
Mkuu, nianze kwa kukusahihisha kidogo. Unasema wachambuzi kana kwamba ni jeshi moja. Wengi wao waliisifu. Ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2021, ikateuliwa Oscar katika vipengele 7. Wanaokukera ni wachache, ila wanaandika vizuri na maneno yao yanachoma. Ndiyo maana yamekukaa.

#3 Tausi_wa_Jioni
Na Oscar ya filamu bora iliichukua yenyewe. Mchezo umeisha, fungeni uzi.

#4 Mzee_wa_Manukuu
Hapana bibie. Filamu bora mwaka ule wa 2022 ilikuwa CODA. Belfast ilipata moja tu, ya skripti asilia. Ndiyo Oscar ya kwanza ya Branagh, na huyo bwana ndiye mtu wa kwanza kuwahi kuteuliwa katika vipengele 7 tofauti tangu aanze kazi.

#5 Tausi_wa_Jioni
Nimepokea mzee wangu. Nilichanganya na BAFTA, tuzo za Waingereza, kule ilichukua filamu bora ya Uingereza.

#6 Mwalimu_wa_Zamu
Mkunazi, umeomba hoja, chukua.

Filamu inaanza tarehe 15 Agosti 1969. Tarehe hiyo si ya kubuni. Siku ile ile, upande wa magharibi wa mji, mtaa wa Wakatoliki uitwao Bombay Street ulichomwa moto. Majira yale ya joto zaidi ya familia 1,800 zilihama makazi yao, nyingi sana zikiwa za Kikatoliki. Na kuna jambo ambalo kila nikiitazama filamu hii linanikaba koo. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 aliuawa mtoto chumbani kwao, kwenye maghorofa ya Divis, kwa risasi za bunduki ya rashasha zilizopigwa na polisi kutoka kwenye gari la deraya. Ndiye mtoto wa kwanza kufa katika yale machafuko ya Wakatoliki na Waprotestanti. Alikuwa na miaka 9.

Umri wa Buddy. Mji mmoja, usiku mmoja, mwendo wa miguu tu kati yao. Sasa mtu akitengeneza filamu ya tarehe hiyo, ya mtoto wa umri huo, halafu polisi na serikali ya Ireland ya Kaskazini ya wakati ule hawaguswi, nina haki ya kuuliza. Sisemi Branagh ni mwongo. Nasema kaichagua nyumba ambayo risasi hazikuingia.

#7 Fundi_Saa
Mwalimu, hili la mtoto sikulijua. Nimesimama nikazunguka chumba kwanza.

#8 Kapteni_Jahazi
Nashangaa, mbona familia ya Buddy wenyewe ni Wakatoliki na ndio wanashambuliwa? Filamu imewapa nafasi wanyonge.

#9 Mwalimu_wa_Zamu
Kapteni, rudia tena taratibu. Kina Buddy ni Waprotestanti. Mtaa wao umechanganyika, na genge la Waprotestanti linakuja kuwafukuza majirani Wakatoliki. Ndiyo maana yule Billy Clanton, kigogo wa genge, anamfuata baba yake Buddy kila mara: toa pesa au ungana nasi. Shinikizo linatoka kwa watu wa dini yake mwenyewe.

#10 Kapteni_Jahazi
Kumbe! Basi nilitazama filamu nyingine kabisa kichwani mwangu. Yule mchungaji anayetoka jasho akihubiri njia mbili, ya mbinguni na ya motoni, nilimchukulia padri.

#11 Binti_Mashaka
Hahaha, Kapteni jahazi lilizama mapema.

Lakini angalia, kuchanganyikiwa kwako kunamsaidia Mkunazi. Buddy naye hajui. Anatoka kanisani, anakaa na penseli kuchora ile njia panda, asijue ipi ndiyo ya kheri. Kuna binamu yake anamfundisha namna ya kumtambua Mkatoliki kwa jina, na mafundisho yenyewe hayana kichwa wala miguu. Nikiwa mdogo nilifundishwa hivyo hivyo kuhusu watoto wa nyumba ya pili yetu, kwamba tusile kwao. Hakuna aliyetuambia sababu. Nilikuwa nakula kwa siri, na kosa langu nililihisi tumboni kama ugonjwa. Kwa hiyo mtu akiniambia filamu haielezi chanzo cha chuki, namuuliza: wewe ulielezwa?

#12 Kiti_cha_Nyuma
#11 hoja nzuri, ila haimalizi ya Mwalimu. Mtoto haelewi, sawa. Mwongozaji ana miaka 60 wakati anaitengeneza. Angeweza kumwacha mtoto asielewe na sisi watazamaji tukaelewa zaidi yake. John Boorman alifanya hivyo 1987 katika Hope and Glory: mtoto London, mabomu ya Wajerumani yanaanguka, kwake ni sikukuu, na bado mtazamaji unaona ndoa inavyolegea na watu wazima wanavyochakaa. Tamu, lakini ina mfupa.

#13 Nesi_wa_Usiku
Habari zenu. Nafanya kazi Belfast, mwaka wa sita sasa, na uzi huu umenigusa, niandike kidogo kabla ya zamu.

Nilipofika nilidhani filamu hii itakuwa fahari ya mji mzima. Sivyo. Kazini nimewahi kuwa na wazee wawili waliokulia mitaa ya aina ile. Mmoja alisema mtaa wa kwenye filamu umefagiliwa mno, wa kwao ulinuka moshi wa makaa na choo kilikuwa uani. Mwingine alisema hakuweza kufika mwisho, alisimamisha pale babu anapolazwa hospitali, hajairudia tena. Ni watu wa rika moja, wamekulia mji mmoja.

Na kuna jambo ambalo filamu haisemi, ila ukiishi hapa unaliona kila siku. Zile kuta za kutenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, za kwanza zilisimamishwa na jeshi Septemba 1969, mwezi mmoja tu baada ya siku inayoanzia filamu. Zilisemekana ni za muda. Mwaka 2013 serikali ya hapa iliahidi kuziondoa zote ifikapo 2023. Bado zipo, na baadhi zina mageti yanayofungwa jioni. Nikitoka zamu usiku dereva anazunguka mbali kwa sababu geti limefungwa. Kwa hiyo nikimwona Buddy anakimbia mtaani kwao kila mtu akimwita kwa jina, mimi namwona anakimbilia sehemu ambayo mwezi ujao inaweza kuwa na ukuta.

#14 Mkunazi
Dada Nesi, asante. Hiyo ya geti imenikaa.

Kiti_cha_Nyuma, mfupa upo. Mama na baba yake Buddy wana deni la kodi, baba anafanya kazi Uingereza, anarudi kila baada ya wiki mbili, mama anabaki na watoto na barua za serikali. Ile sehemu anazungumza kuhusu kuhama: hapa kila mtu anamjua mwanangu, nikienda kule watamcheka lafudhi, hawatanielewa. Huo ndio mfupa. Wachambuzi walitaka siasa ya bungeni wakaikosa ya jikoni.

#15 Fundi_Saa
Mimi nina maelezo mengine kabisa. Ni wakati. Filamu ilipigwa 2020 watu wamefungiwa ndani, ikatoka mwisho wa 2021 na Januari 2022 kwa Uingereza. Kila mtu alikuwa na babu au bibi ambaye hakumuaga. Halafu unawekewa bibi dirishani, mjukuu barabarani. Hata ingekuwa mbovu tungelia. Wachambuzi hawakuwa na makosa, na watazamaji hawakuwa na makosa. Tarehe ndiyo iliyofanya kazi.

#16 Tausi_wa_Jioni
#15 sikubali. Nimeitazama mwaka huu na nimelia vile vile.

#17 Mzee_wa_Manukuu
Fundi Saa una kipande cha ukweli. Kwa sababu ya janga, ule mtaa haukupigwa Belfast. Ulijengwa Uingereza, kwenye uwanja wa ndege wa Farnborough. Belfast yenyewe ni ile ya rangi mwanzoni, inayopigwa kutoka juu: bandari, paa za nyumba, zile winchi mbili kubwa za njano za kiwanda cha meli cha Harland & Wolff. Kisha kamera inapanda ukuta na upande wa pili ni 1969, rangi imekwisha. Kwa hiyo mzee wa Nesi aliyesema mtaa umefagiliwa aliona sawasawa. Ulikuwa na miezi tu tangu ujengwe.

Na kwa wanaopenda vitu vidogo: kati ya zile winchi mbili, Goliath ni ya 1969. Samson ilikuja 1974.

#18 Kapteni_Jahazi
Mzee unajua mambo. Sasa nijibu hili: kwa nini nyeusi na nyeupe? Mimi naona ndiyo iliyowaudhi wachambuzi kuliko siasa. Miaka mitatu nyuma Roma ya Alfonso Cuarón ilikuwa nyeusi na nyeupe, utoto wa mwongozaji, mji wake, miaka inayokaribiana, mwanzo wa sabini, ghasia barabarani. Wakasema huyu kaja na nakala.

#19 Mzee_wa_Manukuu
Nyeusi na nyeupe si yote, ndugu. Kina Buddy wakienda sinema, gari linaporuka kutoka jabalini kwenye Chitty Chitty Bang Bang, skrini ina rangi na wao wameketi bila rangi. Ukitazama kwa makini kwenye mchezo wa jukwaani, miwani ya bibi inaakisi rangi za jukwaa. Miwani tu. Uso wake wote kijivu, na vile vioo viwili vina rangi. Yule mtoto aliyeketi pale ndiye huyu anayeongoza filamu hii. Hapo nilimsamehe Branagh mambo mengi.

#20 Binti_Mashaka
Miwani! Nimerudi kutazama sasa hivi. Ni kweli. Mara ya kwanza ilinipita.

#21 Kiti_cha_Nyuma
Mimi pia nilimsamehe hapo. Ambapo sikumsamehe ni ile ya kushikiwa bastola. Billy Clanton kamshika Buddy na mama yake, askari wamezunguka, baba anakuja taratibu kama steringi, wimbo wa High Noon, ile filamu ya makauboi, unapigwa, anarusha jiwe, bastola inaanguka. Nilikuwa ndani ya hadithi kabisa, hapo nikatolewa nje. Hiyo haikutokea popote Belfast mwaka 1969.

#22 Mwalimu_wa_Zamu
Hapo tuko pamoja.

#23 Fundi_Saa
Ngojeni kidogo. Jina Billy Clanton mnalijua limetoka wapi? Billy Clanton wa kweli alikuwa mchunga ng'ombe wa Arizona, aliuawa Tombstone tarehe 26 Oktoba 1881, kwenye yale mapigano ya O.K. Corral. Mtu yeyote aliyekua akitazama filamu za makauboi anamjua. Kwa hiyo adui wa mtaani kapewa jina la adui wa kwenye luninga. Kiti_cha_Nyuma, ile si Belfast kama ilivyokuwa, ni baba kama mtoto alivyomwona akirudi na begi kutoka Uingereza. Ndiyo maana wazazi wenyewe hawana jina! Kwenye orodha ya waigizaji ni Ma na Pa.

#24 Tausi_wa_Jioni
Na ndiyo maana ni wazuri vile. Waigizaji wao, Jamie Dornan na Caitríona Balfe, wote walianza kama wanamitindo. Niliona watu wanalalamika kwamba fundi seremala mwenye madeni hawezi kuwa na sura ile. Baba yangu hana hata picha za ujana, lakini niulizeni: akisimama mlangoni jioni alikuwa mtu mzuri kuliko wote duniani. Hadi leo nikifumba macho ni mrefu, na watu wanasema alikuwa wa wastani.

#25 Mkunazi
Tausi umeandika bandiko bora la uzi huu.

#26 Kapteni_Jahazi
Kwa babu na bibi je? Judi Dench kazaliwa 1934, Ciarán Hinds 1953. Mke kamzidi mume miaka 18 na hakuna aliyestuka.

#27 Binti_Mashaka
Hakuna aliyestuka kwa sababu wanaketi pamoja kama watu waliozoeana kikohozi. Hinds kazaliwa Belfast, inasikika. Ile ya hesabu ndiyo niipendayo: babu anamwambia Buddy aandike tarakimu zake kwa ukungu kidogo, 1 ionekane kama 7, mwalimu amhurumie. Buddy anasema lakini jibu sahihi ni moja tu. Babu anamjibu kwamba ingekuwa hivyo watu wasingekuwa wanalipuana mji mzima. Kaka Kiti_cha_Nyuma, Mwalimu, siasa mnayoitafuta iko pale, kwenye daftari la hesabu.

#28 Mwalimu_wa_Zamu
Binti, ni sentensi nzuri sana na niliiandika kando nilipoisikia. Lakini iangalie tena. Inasema kila mtu ana jibu lake, na ndiyo maana wanagombana. Wanafunzi wangu wakinipa maelezo hayo kuhusu mwaka 1969 nitawarudisha wasome. Kulikuwa na nyumba za serikali za mitaa zilizogawiwa kwa upendeleo. Kulikuwa na watu walioandamana kudai haki za kiraia tangu 1968 wakapigwa virungu. Yale hayakuwa majibu mawili yenye uzito sawa. Babu anamfariji mtoto, na kumfariji mtoto ni kazi njema. Shida ni pale mtazamaji naye anapofarijika, anazima luninga, analala.

#29 Nesi_wa_Usiku
Nimetoka zamu. Mwalimu, nimesoma #28 mara mbili ndani ya basi. Una haki. Ila nikwambie kitu ninachokiona hapa. Vijana wa hapa, waliozaliwa baada ya mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998, takwimu za vita wanazijua tangu shule, wafu wapatao 3,500, picha za wahanga zimechorwa kwenye kuta za nyumba. Wasichokijua ni kama babu zao waliwahi kucheza ngoma mtaani na jirani wa upande wa pili. Mwenzangu kazini, binti wa miaka 23, alisema hakuwahi kumfikiria bibi yake kama mtu aliyependa sinema. Alimfikiria kama mtu aliyenusurika vita.

#30 Kiti_cha_Nyuma
Mmh. Hilo sikulifikiria.

Bado ile bastola siitaki.

#31 Tausi_wa_Jioni
Iache bastola, tuzungumzie sabuni. Watu wanapora duka, Buddy kavutwa na binamu yake, kila mtu anabeba cha maana, yeye anatoka na boksi la sabuni ya unga. Mama yake anamkokota kwa mkono kulirudisha dukani katikati ya fujo! Duka limevunjwa, yeye anarudisha sabuni rafuni. Mimi mama yangu ni yule.

#32 Fundi_Saa
Mama wa wengi wetu ni yule. Na Balfe hakuteuliwa Oscar, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Dench aliteuliwa, Hinds aliteuliwa, aliyeibeba filamu mabegani kaachwa.

#33 Kapteni_Jahazi
Nimeiona tena, safari hii nikijua nani ni nani, asante Mwalimu. Nimeokota vitu: Buddy ameketi ukingoni mwa barabara anasoma katuni ya Thor, na Krismasi anapewa kitabu cha Agatha Christie. Branagh ndiye aliyeongoza Thor ya 2011 na Murder on the Orient Express ya 2017. Na ule msemo wa mwisho kabla ya majina, kwa waliobaki, kwa walioondoka, na kwa wote waliopotea. Niliusoma nikajiuliza filamu yenyewe ni ya kundi lipi. Naona ni ya walioondoka tu. Familia ya Branagh ilihamia Reading, Uingereza, akiwa na miaka 9. Labda ugomvi wote wa uzi huu ni huo: aliyeondoka anakumbuka mtaa, aliyebaki anakumbuka kilichofuata.

#34 Mwalimu_wa_Zamu
Kapteni, kwa mtu aliyeanza kwa kumwita mchungaji padri, umefika mbali. Nakubali nusu. Waliopotea wako wapi kwenye filamu? Babu anakufa kwa mapafu.

#35 Mkunazi
Wakuu, nimekuwa kimya kwa sababu nilikwenda kumuuliza mama. Nilimsomea #6, nikamsomea #29. Akasikiliza, akaniuliza kama yule mtoto wa Divis ana wazazi hadi leo. Sikuwa na jibu.

Kisha akasema yeye hakulia kwa ajili ya Buddy. Alilia kwa yule bibi. Mume kazikwa, mwana na mkwe na wajukuu wamepanda basi, yeye kasimama mlangoni anawaambia nendeni, nendeni sasa, msitazame nyuma. Halafu anaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango. Mama akauliza: "Yule alibaki na nani?" Filamu inakwisha pale pale, haimjibu mtu. Bado nashikilia dai langu kwamba wachambuzi walikosea, ila sasa nataka kujua mwaka 1970 bibi yule aliishije mtaa ule, na nani alimnunulia makaa.

#36 Nesi_wa_Usiku
Mwambie mama namsalimu. Wengi wa wale bibi ndio ninaowahudumia sasa, au mabinti zao. Wakizungumza usiku wanawataja majirani wa mtaa mzima kwa majina, nyumba kwa nyumba, kushoto kisha kulia.

#37 Mzee_wa_Manukuu
Dada, siku ukipata nafasi andika uzi wako wa hayo. Nitausoma wote.

#38 Mshumaa_Mpya
Salaam, mimi mgeni humu. Nimesoma kuanzia #1, kila kitu mmeshamwaga na bado nataka kuitazama. Ni dakika 98, naianza sasa hivi na baba. Naombeni msiandike lingine kuhusu mwisho wake hadi nirudi.